Barua ya wazi: Tani ya kaboni huuzwa ng'ambo, moshi hubaki Jinja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Mazingira. Nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), kwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Ushirika, na kwa Baraza la Jiji la Jinja.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia nikiwa mwalimu wa kemia na mkazi wa Walukuba, mtaa ambao ulijengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja na ambao hadi leo unapakana na viwanda. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 iliifungulia Uganda mlango wa kushiriki katika masoko ya kaboni, na wizara yako ndiyo inayoshika ufunguo wa mlango huo. Sipingi biashara hiyo. Ninachoomba ni kwamba kiwanda chochote ambacho dohani yake haijapimwa, au imepimwa ikaonekana inazidi viwango vya hewa vya nchi yetu, kisipewe hata krediti moja ya kaboni, yaani cheti cha kuuzwa cha tani moja ya kaboni iliyopunguzwa, na kwamba viwango hivyo vya hewa visigeuzwe kamwe kuwa kitu cha kununuliwa au kuuzwa. Naomba unipe nafasi nieleze kwa nini ombi hilo, ambalo kwa kulitazama haraka linaweza kuonekana dogo, ndilo litakaloamua kama biashara ya kaboni itatufaa sisi tunaoishi chini ya dohani au itatupita juu ya vichwa.

Kwa ajili ya wananchi wenzangu watakaoisoma barua hii, nieleze kwanza jinsi biashara yenyewe inavyokwenda pale ilipokomaa. Serikali huweka kikomo cha jumla cha hewa ukaa ambayo viwanda na mitambo ya umeme vinaruhusiwa kutoa kwa mwaka, kisha hukigawa kikomo hicho katika vibali, kila kibali kikiwa ruhusa ya kutoa tani moja ya kaboni dioksidi. Mwenye kiwanda aliyepunguza utoaji wake hubakiwa na vibali, naye huviuza. Aliyeshindwa kupunguza hulazimika kuvinunua. Kikomo hushushwa mwaka hadi mwaka, vibali hupungua, na kuchafua kunazidi kuwa ghali. Umoja wa Ulaya ulianza mpango wa namna hii mwaka 2005, na leo unagusa takriban asilimia 40 ya hewa ukaa yote inayotolewa katika nchi zake. Kufikia mwaka 2023, mitambo na viwanda vilivyo ndani ya mpango huo vilikuwa vimepunguza utoaji kwa takriban asilimia 47 ukilinganisha na mwaka 2005 mpango ulipoanza.

Hayo ni mafanikio ya kweli, ila njia haikunyooka, na ni vizuri tujue ilipopinda. Katika miaka ya mwanzo serikali za Ulaya ziligawa vibali vingi kupita mahitaji, na mwaka 2007 bei ya kibali ikaporomoka hadi karibu na sifuri. Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipopunguza uzalishaji, vibali vikarundikana tena, na kwa miaka kadhaa tani moja ikauzwa kwa chini ya yuro 10, bei ambayo haimshawishi mwenye kiwanda kubadilisha hata tanuri moja. Viwanda vya chuma na saruji vilipewa sehemu kubwa ya vibali vyake bure, kwa hofu kwamba vingehamia nchi zisizo na masharti, na baadhi yake viliviuza na kupata faida ambayo haikutokana na juhudi yoyote ya kusafisha. Bei ilipanda sheria zilipokazwa na vibali vya ziada vikaanza kuondolewa sokoni mwaka 2019. Mnamo Februari 2023 tani moja ilipita yuro 100 kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upungufu niliotaja imetoka kwenye mitambo ya umeme iliyoacha makaa ya mawe, na viwanda vyenyewe vimepunguza kwa kiasi kidogo kuliko mitambo hiyo. Jambo hilo lina maana kubwa kwetu, nami nitalirudia.

Sasa nije kwenye hewa tunayovuta. Kaboni dioksidi haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kinachopatikana hewani haiumizi mapafu ya mtu. Madhara yake ni kuipasha dunia joto, na kwa kuwa huchanganyika katika anga lote, tani iliyotoka Shanghai na tani iliyotoka Jinja ni sawa kabisa kwa tabianchi. Ndiyo maana inaweza kuuzwa na kununuliwa kuvuka mipaka. Vinavyoumiza mapafu ni vingine: masizi, dioksidi ya salfa, oksidi za nitrojeni, na zaidi ya vyote chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake mwaka 2021 na kupendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembechembe hizo usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Kampala inakizidi kiwango hicho mara kadhaa. Uchafu huu hausambai sawasawa duniani kote kama kaboni. Kwa sehemu kubwa huwatua wale walio karibu nao: mfanyakazi wa zamu ya usiku, mama anayeanika nguo, mtoto anayecheza shuleni upande ule upepo unakoelekea.

Wanaoisifu biashara ya kaboni husema kwamba ukipunguza kaboni, uchafu huu nao utapungua. Wana ushahidi, nami sitaki kuuficha. China ilianza masoko ya majaribio mwaka 2013 katika miji na majimbo kama Shenzhen, Beijing, Shanghai, Guangdong na Tianjin, kisha mwezi wa Julai 2021 ikafungua soko la taifa lililoanza na kampuni za umeme zaidi ya elfu mbili, na mwaka 2025 ikaliongeza lifike kwenye chuma, saruji na alumini. Watafiti wengi waliolinganisha maeneo ya majaribio na maeneo mengine waliona kwamba salfa na chembechembe zilipungua pamoja na kaboni. Sababu yake mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha nne anaweza kuieleza. Umeme na chuma cha China hutokana kwa kiasi kikubwa na makaa ya mawe, na makaa ya mawe yanapoungua hutoa kaboni, salfa na masizi kutoka katika moto uleule. Ukipunguza makaa ya mawe umepunguza vyote kwa pamoja.

Je, hali yetu ni hiyo? Hapa ndipo, Mheshimiwa Waziri, naomba washauri wako wasimame na kutazama kabla ya kunakili kanuni za wengine. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Nile: Nalubaale iliyofunguliwa hapa Jinja mwaka 1954, Kiira iliyo kando yake, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa mwaka 2024. Kwa hiyo kaboni ya viwanda vyetu na moshi wa viwanda vyetu havitoki katika moto mmoja. Mara nyingi kimoja kipo na kingine hakipo.

Chukua kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu kwa tanuri la umeme. Tanuri hilo linatumia nguvu ya maji, na mkaguzi wa kaboni akilifanyia hesabu atakuta kwamba kila tani ya chuma imetolewa kwa kaboni ndogo sana, pengine ndogo kuliko ya mshindani wake wa Ulaya. Kwa daftari la kaboni, hicho ni kiwanda cha kupigiwa mfano. Lakini vyuma chakavu vinaingia tanurini vikiwa na rangi kuukuu, grisi, mabaki ya plastiki, mabati yaliyopakwa zinki, na mara nyingine risasi. Vikiyeyuka, zinki na risasi hugeuka mvuke, mvuke ukipoa hugeuka chembechembe laini, na pasipokuwa na kofia ya kunyonya moshi juu ya tanuri pamoja na vichujio vya mifuko kabla ya dohani, chembechembe hizo zinatoka nje na kutua juu ya mapaa, juu ya mchicha na ndani ya vifua. Hakuna soko la kaboni duniani linaloona kitu hicho. Halikuundwa kukiona. Majirani wa kiwanda kimoja cha namna hiyo, ambacho sitakitaja, wamekuwa wakipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) kuhusu vumbi la kijivu linalotanda alfajiri, na jibu walilopewa ni kwamba kiwanda kinatumia umeme wa maji na kwa hiyo ni rafiki wa mazingira. Jibu hilo lilikuwa la kweli kuhusu kaboni, na halikuwa na uhusiano wowote na walichouliza.

Mfano wa pili unanisumbua zaidi, kwa sababu hapo soko la kaboni linaweza kwenda mbali kuliko kutoona, linaweza kulipa. Kanuni za kuhesabu kaboni huyachukulia makapi ya kahawa, ya mpunga na ya miwa kuwa hayaongezi kaboni angani, kwa hoja kwamba mmea ulivuta kaboni hiyo hewani ulipokuwa ukikua na utaivuta tena msimu ujao. Hoja hiyo ni sahihi. Kiwanda kinachoacha mafuta mazito au makaa ya mawe kutoka nje na kuanza kuchoma makapi ya kahawa kinaweza basi kudai kwamba kimepunguza kaboni, na kuomba krediti. Faida zake zipo: fedha za kigeni zinaokolewa, mkulima anapata soko la kitu alichokuwa akikitupa, na salfa inapungua kwa kuwa makapi yana salfa kidogo. Lakini makapi yenye unyevu, yakichomwa katika boila ya zamani isiyo na vichujio, hutoa masizi na chembechembe nyingi mno, pengine kuliko mafuta yaliyoachwa. Kiwanda kimoja kinaweza hivyo kulipwa na mnunuzi wa ng'ambo kwa kupunguza kaboni katika mwaka uleule ambao kimewaongezea jirani zake kikohozi, na pasiwe na sheria yoyote iliyovunjwa wala uongo wowote ulioandikwa.

Naogopa tukifika hapo, kwa sababu krediti ikishauzwa, kila mmoja aliye na nguvu ya kusema atakuwa na maslahi ya kutosema. Mwenye kiwanda atakuwa na mapato, dalali atakuwa na kamisheni, serikali itakuwa na sehemu yake ya ada, na mnunuzi atakuwa na cheti kinachosema amesaidia Afrika.

Marekani imewahi kukutana na tatizo la aina hii mara mbili, na mara hizo mbili zinafundisha mambo tofauti. Marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1990 yalianzisha biashara ya vibali vya dioksidi ya salfa kwa mitambo ya umeme, nayo ikaanza kazi mwaka 1995 kwa lengo la kupambana na mvua ya asidi. Utoaji wa salfa ulishuka kwa zaidi ya nusu, na kwa gharama ndogo kuliko wenye mitambo walivyokuwa wametisha. Wengi hukumbuka soko na kusahau mambo mawili yaliyolishikilia. Kila dohani iliyohusika ilifungwa vipimo vinavyosoma moshi mfululizo, mchana na usiku, na takwimu zake zikawekwa wazi kwa yeyote. Na viwango vya hewa vinavyolinda afya ya watu wa kila eneo viliendelea kuwa sheria, hata kwa mtambo wenye vibali ghala zima. Mtu alikuwa huru kununua vibali, ila hakuwa huru kununua ruhusa ya kuutia sumu mji ulio jirani naye.

Mara ya pili ni California, ambayo ilifungua soko lake la kaboni mwaka 2013. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika miaka ya kwanza ya soko hilo, viwanda vingi viliongeza utoaji wao, na kwamba ongezeko hilo, pamoja na vumbi na masizi yanayoambatana nalo, lilielemea mitaa ya watu maskini na wasio Wazungu, kwa kuwa mwenye kiwanda aliona ni nafuu kununua vibali au krediti za misitu ya mbali kuliko kubadilisha mitambo. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulitumia mbinu tofauti na kukuta kwamba pengo kati ya mitaa ya maskini na mingine lilikuwa limepungua baada ya soko kuanza. Wataalamu bado wanabishana, nami sitajifanya mwamuzi wao. Ninachokitazama ni walichofanya viongozi: mwaka 2017, kabla ya ubishi huo kwisha, California ilipitisha sheria ya kuweka vipimo vya hewa katika mitaa iliyolemewa na kuandaa mipango ya kuisafisha, na tayari ilikuwa imeamua kwamba angalau asilimia 35 ya fedha zinazotokana na mnada wa vibali itumike kwa manufaa ya jamii zilizolemewa na za kipato cha chini. Hawakuiachia bei ya kaboni kazi ya kulinda mapafu.

Mheshimiwa Waziri, Uganda si mgeni katika biashara hii. Mradi wa kupanda miti wa Mamlaka ya Taifa ya Misitu katika hifadhi ya Rwoho, uliosajiliwa mwaka 2009 chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa tabianchi uliotangulia ule wa Paris, ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Wakulima wa Bushenyi walianza kulipwa kwa miti yao tangu mwaka 2003. Na mwaka 2010 NEMA yenyewe ilisajili mpango wa kugeuza taka za miji kuwa mboji, ukiwa na vituo katika miji kama Jinja, Mbale, Lira, Soroti, Mbarara, Kasese na Fort Portal. Nausifu mpango huo kwa moyo wote, kwa kuwa ulikuwa umeelekezwa pale ambapo kaboni na uchafu wa hewa vinatoka mahali pamoja: taka zisipochachushwa vizuri hutoa methani, gesi ambayo nayo huipasha dunia joto, na zisipozolewa kabisa huchomwa kando ya barabara, na moshi wa taka zenye plastiki ni miongoni mwa mibaya kabisa tunayovuta. Bahati mbaya soko liliutupa. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 bei ya krediti za Kyoto ilikuwa imeanguka chini ya yuro moja kwa tani, kwa sababu Ulaya ilikuwa imejaa vibali na krediti nyingi za rahisi zilikuwa zimemwagwa sokoni, nyingine zikitoka kwenye viwanda vya gesi za majokofu vya China na India ambavyo vilikuwa vikipata zaidi kwa kuteketeza gesi chafu ya ziada kuliko kwa kuuza bidhaa yenyewe, hadi Ulaya ikazikataa krediti hizo mwaka 2013. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, la taka za Kampala, liliporomoka na kuua watu wengi. Sisemi kwamba bei ya krediti ndiyo iliyoliangusha. Nasema kwamba kazi ya kuzoa na kuchakata taka haiwezi kutundikwa kwenye bei inayoamuliwa Brussels.

Kuna eneo jingine ambapo kaboni na moshi vinakwenda pamoja, nalo ni jikoni. Familia nyingi za Uganda hupika kwa kuni na makaa, na sigiri bora au umeme wa kupikia hupunguza ukataji wa miti na moshi unaomwingia mama na mtoto mgongoni. Krediti za majiko zingeweza kuwa baraka kubwa. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwezi wa Januari 2024 uchunguzi wa miradi ya majiko katika nchi mbalimbali na kukuta kwamba, kwa sampuli waliyoichunguza, krediti zilizotolewa zilizidi upungufu halisi kwa takriban mara tisa. Hesabu zilidhani kwamba kila jiko lililogawiwa linatumika kila siku na kwamba jiko la zamani limetupwa, ilhali yeyote anayejua jiko la Kiganda anajua kwamba maharage huachwa kwenye mafiga hata kama sigiri mpya ipo. Wanunuzi wamelisikia hilo na wanazidi kuwa na mashaka. Nchi itakayopima kwa uaminifu ndiyo itakayouza kwa bei nzuri, na kipimo hichohicho cha uaminifu ndicho kitakachotuambia kama moshi wa jikoni umepungua kweli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uganda imeahidi chini ya Mkataba wa Paris kupunguza utoaji wake kwa asilimia 24.7 ifikapo mwaka 2030, ukilinganisha na jinsi hali ingekuwa bila hatua zozote. Chini ya Kifungu cha 6 cha mkataba huo, ambacho kanuni zake zilikubaliwa Glasgow mwaka 2021 na kukamilishwa Baku mwaka 2024, tani iliyouzwa kwa nchi nyingine ili iihesabu katika ahadi yake lazima itolewe katika hesabu ya nchi iliyouza. Tukiuza leo tani zilizo rahisi kupunguza, tena kwa bei ya kutupa, tutabaki na tani ngumu na ghali za kutimizia ahadi yetu wenyewe. Kwa hiyo naomba daftari la kaboni la taifa liwe wazi kwa kila mwananchi: mradi gani, uko wapi, umeuza tani ngapi, kwa nani, kwa bei gani, na kiasi gani kimewafikia watu wa eneo hilo. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika sheria yao ya mwaka 2023 kwamba miradi inayotegemea ardhi irudishie jamii angalau asilimia 40 ya mapato, na isiyotegemea ardhi asilimia 25. Sheria hiyo inaweza kuwa na kasoro zake, lakini angalau mwanakijiji wa Kenya anaijua namba anayoweza kuidai.

Kuhusu viwanda na ajira nitasema kwa uwazi, kwa kuwa najua hoja ya kwanza itakayotolewa dhidi ya barua hii ni kwamba mwalimu anataka viwanda vifungwe. Hakuna mji wa Uganda unaojua uchungu wa viwanda kufungwa kama Jinja. Baada ya mwaka 1972, wenye viwanda walipofukuzwa nchini, mji huu uliona mashine zikinyamaza moja baada ya nyingine na familia zikirudi vijijini bila kiinua mgongo. Sitaki kuyaona tena. Lakini vichujio havikuumaliza uyeyushaji wa chuma Ulaya, Japani au China. Nchi hizo ziliendelea kuyeyusha chuma zikiwa na vichujio. Gharama ipo, hasa kwa kiwanda cha kati kinachokopa kwa riba ya benki zetu, na hapo ndipo mapato ya kaboni yangeweza kufanya kazi ya maana. Serikali ingeweza kutenga sehemu ya ada inayokusanya kwa kila krediti ili iwe mkopo wa riba nafuu wa kununulia vichujio na boila mpya, mkopo ambao utalipwa kwa krediti zitakazotolewa baada ya dohani kusafishwa.

Inasemwa pia kwamba tukazane na kaboni kwa sababu Ulaya imeanza kutoza kaboni mpakani. Ni kweli kwamba tozo hiyo, iliyoanza kwa kutoa taarifa tu mnamo Oktoba 2023 na kuingia awamu yake kamili Januari 2026, inagusa chuma, saruji, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Ila saruji na nondo zetu huenda zaidi Sudan Kusini, Kongo na nchi nyingine jirani. Tusitishwe na tozo isiyotuhusu sana hadi tukaacha kazi inayotuhusu kila tunapovuta pumzi.

Vyombo vya kuifanya kazi hiyo tunavyo tayari. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Tunayo Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, na tangu mwaka 2024 tunazo kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilizosubiriwa kwa miaka mingi. Sheria ile ya tabianchi ya mwaka 2021 inampa hata mwananchi wa kawaida nafasi ya kwenda Mahakama Kuu pale kitendo au uzembe wa serikali au wa kampuni unapokwamisha juhudi za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kinatengeneza hapahapa nchini vipimo vya chembechembe vya gharama nafuu ambavyo sasa vinatumika katika miji mingi ya Afrika. Sioni sababu ya eneo lolote la viwanda nchini, liwe Namanve, Mbalala, Tororo au Masese, kukosa vipimo hivyo upande unakoelekea upepo, wala sababu ya matokeo yake kutobandikwa katika ofisi ya LC na katika zahanati iliyo karibu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yaandikwe katika masharti ya kuidhinisha mradi wowote wa kaboni unaohusu kiwanda. Kabla ya krediti ya kwanza kutolewa, dohani ipimwe na mtu asiyelipwa na mwenye kiwanda, na chembechembe, salfa, oksidi za nitrojeni na metali zake zilinganishwe na kanuni za mwaka 2024. Baada ya hapo viwanda vikubwa vifunge vipimo vya kusoma moshi mfululizo, takwimu ziende moja kwa moja NEMA na kwa umma, na kila mwezi ambao kiwanda kimezidi kiwango kisipate krediti za mwezi huo, hata kama kaboni yake imepungua. Mradi wa kubadili mafuta kwenda makapi usiidhinishwe bila vichujio. Na sehemu ya mapato, ambayo Bunge litaitaja kwa asilimia badala ya kuiachia mazungumzo ya faragha, irudi katika kata iliyo chini ya dohani, si katika mfuko wa jumla ulioko Kampala.

Najua NEMA ina wakaguzi wachache kuliko kazi waliyopewa, na ningependa wizara iwaombee fedha Bungeni kwa jina hasa la ukaguzi wa hewa, kwa kuwa kifungu kisicho na jina katika bajeti ndicho huwa cha kwanza kukatwa. Ningependa pia kujua, na naamini majirani zangu wangependa kujua, kama katika miradi ya kaboni ambayo wizara imeipokea hadi sasa kuna inayohusu viwanda vya Jinja, na kama kabla ya kuipokea kuna aliyepima moshi wake. Tafadhali jibu lichapishwe mahali ambapo wananchi wote wanaweza kulisoma, na nakala ipelekwe kwa Baraza la Jiji la Jinja ili madiwani wetu waijadili katika kikao cha wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia, mkazi wa Walukuba, Jinja